Je, Tingatinga Angepata Kibaraza Majengo?

Kila mji wa nchi hii una Majengo yake. Moshi upo mtaa wa jina hilo, Dodoma upo, na ng'ambo ya mpaka Mombasa na Nairobi vile vile. Asili yake aghalabu ni moja: serikali ya kikoloni ilipima viwanja, ikawaambia Waafrika wajijengee huko, nao wakajenga. Majengo ya Songea ni mtaa wa watu wa kazi, na mgeni apitaye huko huona vibaraza kabla hajaziona nyumba. Kibarazani ndipo cherehani inapolia tangu asubuhi, ndipo fundi anapoandika kibao cha duka, ndipo seremala anapotia nakshi kitandani. Na nyuma, uani, ndipo vijana wanapoujaribu wimbo wao mpaka majirani wakauhifadhi kabla haujaimbwa arusini.

Katika watu hao ni nadra kumsikia ajiitaye msanii. Huitwa mafundi, nao huridhika na jina hilo. Leo tunataka kuwasemea hao, kwa kuwa siku hizi imekuwa desturi kuzungumza juu ya sanaa katika semina na makongamano, kana kwamba ni jambo linaloanza pale mgeni rasmi anapokata utepe. Huulizwa kwa maneno mazito ni kitu gani kimsukumacho mtu kuchora, kuchonga au kutunga. Ni swali jema. Lakini mwenziwe huwa haulizwi: mtu huyo akisha kusukumwa, ataketi wapi? Twasema maswali hayo mawili ni mapacha, na ajibuye moja akaliacha jingine hajajibu kitu.

Tuna ushahidi wa jambo hili, tena hauko mbali, uko katika mkoa wetu huu huu wa Ruvuma. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilaya ya Tunduru yapata 1932. Leo jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji. Mtu akisema "tingatinga" huko Japani au Denmaki, wapenda sanaa hawafikirii mashine ya kuchimba barabara, wanafikiria chui, ndege na twiga waliochorwa kwa rangi zing'arazo. Wachache katika nchi yetu wamepata heshima ya namna hiyo. Sasa tuulize: mtu huyu wa Tunduru alichorea wapi picha zake? Je, ni Tunduru? Ni Songea, makao makuu ya mkoa? La hasha. Alizichorea Dar es Salaam, pande za Oysterbay, naye alipoanza yapata 1968 alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita hivi.

Yafaa tuitazame safari yake kidogo, kwa sababu ni safari ya maelfu ya watu wa kusini. Zamani za mkoloni sehemu zetu hizi zilihesabiwa kuwa ghala la manamba. Barabara hazikujengwa za maana, viwanda havikuletwa, lakini waandikishaji wa vibarua wa mkonge walifika. Tingatinga naye alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge katika miaka ya 1950, kisha akashuka Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za mikono: mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza, kibarua wa hapa na pale, na baadaye mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Hakusoma chuo cha sanaa. Alichukua vipande vya mbao nyembamba zile zinazopigiliwa darini, akachukua rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, akachora. Picha zake zikatundikwa nje ya duka lililojulikana kwa jina la Morogoro Stores, mahali walipopita Wazungu wa Oysterbay kununua mboga, na Wazungu hao wakanunua na picha.

Wako wasemao kwamba basi tumekwisha kujibiwa: kilichomsukuma ni fedha. Haya, na tukubali. Fedha ilikuwamo, wala hatuoni aibu kusema hivyo. Fundi apokeaye ujira wa kazi yake hapunguki utu. Lakini kama ni fedha tu, mbona hakuuza machungwa? Machungwa yana faida ya siku hiyo hiyo, wala hayahitaji mtu kukesha akifikiri namna ya kulipinda shingo la ndege lienee katika ubao. Mtu aliyefanya kazi mkongeni, akatumwa jikoni, akapokea amri miaka nenda miaka rudi, siku moja alishika brashi akawa yeye ndiye mtoa amri: chui huyu akae hapa, mkia wake upite pale. Sisi twaona furaha ya kuamuru kitu kikatii ndiyo iliyomweka pale, na fedha ikamruhusu kubaki.

Alikaa pale miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi mjini Dar es Salaam kwa kudhaniwa kuwa mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Katika miaka hiyo minne alikwisha kuwakusanya vijana kadhaa, wengi wao jamaa zake na watu wa kwao kusini, akiwafundisha kwa kuketi nao. Baada ya kifo chake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale walipojulikana, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Hebu tazama, msomaji, chuo kilivyozaliwa: duka la mtu mwingine, kivuli kisicholipiwa kodi, na mpita njia mwenye shilingi mfukoni. Wizara haikukianzisha, na hakuna jiwe la msingi lililowekwa.

Basi lawama zetu hazimhusu Tingatinga kwa kuondoka. Zatuhusu sisi tuliobaki. Kivuli Songea kipo, mbao zipo, na baiskeli zilikuwapo tele. Kilichokosekana ni mahali ambapo mtu mzima angeweza kuketi na brashi mchana kweupe, kazi yake ionekane na wapitao, asiulizwe kwa nini hayuko shambani.

Isidhaniwe kuwa watu wa kusini hawakujua kuunda kitu mpaka wafike mjini. Tazama ngoma ya mganda. Baada ya Vita vya 1914 hadi 1918 ngoma ya beni ilienea kutoka pwani kwenda bara, ikichukuliwa na askari na vibarua waliorudi makwao. Ilipofika katika vijiji vya Ziwa Nyasa, vijana waliipokea wakaigeuza. Tarumbeta hawakuwa nazo, kwa hiyo walichukua vibuyu, wakaviziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake, na sauti ikatoka ikivuma kama ya bendi. Wakavaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, wakajipanga mistari kama gwaride, wakapeana vyeo. Wakubwa wengine wa serikali waliona kuwa wanaigwa, wengine wakashuku kuwa wanadhihakiwa. Sisi tunadhani yote mawili yalikuwamo, na huo ndio utamu wake.

Na nini kilichowasukuma vijana wale? Kijiji cha jirani! Walitaka watakapoalikwa huko waingie uwanjani kwa mistari iliyonyooka kuliko ya wenyeji, na wasichana walione jambo hilo. Kwa ajili ya hayo walifanya mazoezi miezi mizima jua likitua. Mahali pao palikuwa uwanja uliofagiliwa tu, lakini kila mtu kijijini alijua kuwa uwanja ule ni wa mganda, na hapana aliyethubutu kupanda mihogo hapo. Kadhalika lizombe ya Wangoni haikungoja ukumbi. Ilikuwa na uwanja wa nyumba yenye shughuli, na shughuli hazikukosekana.

Wamisionari waliotusomesha wengi wetu, tuseme kwa haki, waliligawa jambo hili nusu kwa nusu. Ngoma wengi wao waliichukia wakaikataza. Lakini hao hao ndio waliojenga karakana. Peramiho, ambako Wabenediktini walifika 1898, palikuwa na useremala na kiwanda cha kupiga chapa, na kijana aliyeingia humo alikuta meza, patasi, na mtu wa kumwonyesha. Walioyasoma Maandiko watamkumbuka Bezaleli, fundi wa Waisraeli jangwani. Husifiwa kwa kuwa alijazwa ustadi kutoka juu, na watu huishia hapo. Husahau kwamba alipewa pia dhahabu, shaba na mti wa mshita, akapewa na msaidizi.

Atatokea mtu aseme: mwenye kipawa hazuiliki, hata umfungie gizani atatunga. Naye atamtaja Shaaban Robert. Ni kweli, Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akawa karani katika ofisi moja baada ya nyingine za serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda huo huo akaandika vitabu ambavyo lugha yetu inavitegemea mpaka leo. Utenzi wake juu ya vita ya 1939 hadi 1945 una beti 3,000, nao ulitoka kitabuni 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Hapana aliyemlipa kwa beti hizo alipokuwa akizitunga. Lakini tulitazame vema jambo hili kabla ya kulitumia kama rungu. Karani alikuwa na meza. Alikuwa na wino, taa, na mshahara wa mwezi. Kazi ya malenga haina harufu ya rangi, haitoi vumbi la mbao, wala haiwaamshi majirani. Mshairi anaweza kujificha akafanya kazi. Mpiga ngoma hawezi. Mchongaji akitaka kujificha, nyundo yake itamtaja. Kwa hiyo tusiwapime wote kwa kibaba cha mwandishi.

Lililo karibu zaidi na shabaha yetu ni habari ya George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyezaliwa 1934. Mwaka 1972 ilianzishwa Dar es Salaam Nyumba ya Sanaa, kwa bidii ya mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt, ili vijana wenye mikono mizuri wapate mahali pa kufanyia kazi. Lilanga alipofika mjini aliajiriwa pale kuwa mlinzi. Alikwisha kujua kuchonga tangu kwao, na humo ndani, akiwaona wenziwe wakichora na kuchora, naye akachora. Viumbe vyake vya kuchekesha, vyenye masikio makubwa na matumbo yaliyojaa, vimetundikwa katika maonyesho ya Ulaya, Marekani na Japani, naye alipofariki 2005 alikuwa mmoja wa wachoraji wa Kiafrika waliojulikana mno. Laiti angepewa ulinzi wa ghala la saruji, tungekuwa na mlinzi hodari wa saruji.

Twajua hoja ya wenye mamlaka ya mji. Husema: barabara ni za kupita, mitaro ni ya maji, na vibaraza vikiachiwa kila mtu mji utakuwa gulio. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Mama mwenye mtoto mgongoni asilazimishwe kupita katikati ya magari eti kwa sababu seremala ameanika vitanda kwenye njia ya miguu. Walakini usafi wa mji umewahi kugeuka rungu la kumpigia asiyestahili. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilitaka kila mtu mzima awe na kazi inayotambulikana, na katika kuitekeleza watu wengi walikamatwa mijini wakihesabiwa wazururaji. Ni nani atakayetambua kazi ya mtu aliyeketi chini ya mwembe akiutazama ubao mtupu? Kwa macho ya mgambo, mchoraji afikiriye na mvivu asinziaye ni mtu mmoja. Tena mnamo Oktoba 2021, wafanya biashara ndogo ndogo walipoondolewa kando ya barabara katika miji yetu mingi, walipelekwa katika maeneo yaliyopangwa. Muuza viatu pengine alinufaika huko. Lakini fundi wa vibao, mchongaji na mfuma vikapu huuza kwa kuonekana wakifanya kazi. Mteja husimama, hutazama mkono, ndipo hamu humjia. Ukimhamishia fundi huyo kwenye kizimba cha mabati asikopita mtu, umemwachia brashi yake lakini umemnyang'anya yule mpita njia wa Morogoro Stores.

Wako pia wasemao kuwa sanaa ni starehe, na kwanza tushughulikie njaa. Hao tungewakumbusha habari ya Bibi Titi Mohamed. Kabla ya kuwa kiongozi wa akina mama wa TANU mwaka 1955 alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam. Alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika chama hakwenda kupiga mlango kwa mlango kama mkusanya kodi. Alikwenda kwa vikundi vya ngoma, akawapata maelfu katika muda wa miezi michache. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao, na uani mwao walimokutania bila kuomba ruhusa ya bwana yeyote. Serikali ya kikoloni iliuona uani ule kuwa mahali pa vigelegele. Haikujua kuwa ndimo wanawake walimozoea kusikilizana.

Sasa turudi Majengo, tuseme tunalotaka. Hatutaki jumba. Majumba tunayaogopa kidogo, maana jumba huja na ufunguo, na ufunguo huwa na mwenyewe, na mwenyewe huwa safarini. Twataka mambo madogo yanayowezekana na Manispaa ya Songea pamoja na wenyeji wa mtaa.

Kwanza vibaraza. Mwenye nyumba aliyekubali fundi akae kibarazani pake, na njia ya miguu ikabaki wazi, asisumbuliwe yeye wala fundi wake. Na mitaa inapopimwa upya na nyumba za zamani kubomolewa ili zije za ghorofa, wakuu wa mipango waulize swali moja kabla ya kupiga muhuri mchoro: je, nyumba hii mpya ina kivuli upande wa njia? Nyumba nyingi za sasa zina ukuta na geti la chuma. Nyuma ya ukuta huo fundi hawezi kuketi, na mtoto wa jirani hawezi kusimama akamtazama. Jambo hilo la mtoto ni zito kuliko linavyoonekana. Vijana wa Tingatinga walijifunza kwa kuketi na kutazama, na katika Songea watoto wanaotoka shule saa nane mchana wana macho kama yale.

Kisha shule zenyewe. Jioni madarasa ni matupu, na viwanja vyake ni vitupu zaidi. Kikundi cha mganda au cha lizombe kingeandikishwa, kikapewa siku zake mbili katika juma, na kikawajibika kwa dirisha litakalovunjika. Hatuoni gharama yoyote hapo, ila labda usingizi wa mlinzi.

Na mti. Misitu ya Ruvuma, Lindi na Mtwara ina mpingo, na mpingo huo husafirishwa ng'ambo ukafanywa klarineti na zumari nyingine za bendi za Ulaya, ala zinazouzwa kwa bei ambayo mkata gogo wa Tunduru hawezi kuiota. Hatusemi usiuzwe. Twasema mchongaji wa Songea anayetaka kipande cha urefu wa mkono apate njia halali na nyepesi ya kukinunua, hata kama ni masalio ya magogo, asilazimishwe kuchagua kati ya vibali asivyovimudu na wizi wa usiku. Bezaleli, tumekwisha kusema, hakuambiwa auibe mshita.

Songea ni mji unaojua kuheshimu. Viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wanayo Makumbusho yao ya Majimaji, na sanamu zao zimesimama pale, na kila mwaka watu hukusanyika kuwakumbuka. Ni haki yao. Lakini sanamu zile nazo zilitengenezwa na mikono ya mtu, na mtu huyo alihitaji mahali pa kusimama alipokuwa akizitengeneza, mahali pasipo mvua, palipo na nafasi ya kurudi nyuma hatua tatu atazame kama pua imekaa sawa. Mwenye mikono kama hiyo yumkini yupo Majengo leo, ana miaka kumi na tisa, na mwenye kibaraza amemwambia ahame mwisho wa mwezi. Nauli ya basi la Dar es Salaam anaitafuta.